Mashua Mbili Zinatosha

Haya wajukuu, sogeeni. Na wewe mwenye ndizi mkononi, usihangaike kuificha, maana mbio ninazotaka kuwasimulia zinaweza kuisha kabla hujaimaliza.

Ni dakika tatu hivi, mara nyingine pungufu. Katika muda huo mtu anakimbia mchangani, anachupa ndani ya mashua, anapiga makasia kuelekea baharini huku akipinda kushoto na kulia kwenye maboya, anageuza, anarudi pwani kwa nguvu zake zote, anaruka majini mashua ikiwa bado inakwenda, kisha anakimbia tena hadi mwisho. Pembeni yake yupo mwingine mmoja tu anayefanya hayo hayo. Wanaondoka wawili, mmoja anasonga mbele, mwenzake anakwenda kuoga na kutafuta chakula. Hizo ndizo mbio za makasia za ufukweni, na zimewekwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028 kwa mara ya kwanza.

Naona kuna anayetazama mlima dirishani, anasubiri nimalize ili anisahihishe. Najua, mwanangu. Hapa ni Shirimatunda, Moshi. Ukitaka kuiona bahari inabidi upande basi la Tanga na siku yako iishie humo. Lakini maji ya huku njia wanaijua. Mito inayoshuka kutoka msituni huko juu, Karanga na Weruweru ikiwemo, huishia Kikuletwa. Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako wavuvi wako kwenye mitumbwi kila siku ya Mungu. Maji yakitoka pale yanakuwa Mto Pangani, yanapita Korogwe, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls, halafu yanamwagika Bahari ya Hindi pale Pangani mjini, kwenye kivuko cha kwenda Bweni. Kwa hiyo mtu asiniambie bahari haituhusu. Tunaichangia maji tangu enzi za mababu.

Sasa tuseme wewe ndiye unayeshindana. Umesimama mchangani, peku, macho baharini. Mashua yako haiko miguuni pako. Iko ndani ya maji, imeshikwa na watu wawili wa timu yako. Kazi yao ni nyepesi kuieleza na ngumu kuifanya. Omo ya mashua, yaani ile ncha ya mbele, itazame wimbi muda wote. Mashua ikilipa wimbi ubavu, hata kwa kufumba na kufumbua, itajaa maji au itapinduka kabla wewe hujafika. Basi wale wawili wanasimama mawimbi yakiwapiga kifuani, vidole vimekaza ukingo, wala hawakutazami wewe, wanayatazama maji. Mimi huwaangalia hao kwanza. Watazamaji wengi hawajui hata kwamba wapo, na mbio nyingi hupotea mikononi mwao.

Ishara inatolewa. Unakimbia. Kutoka mstarini hadi kwenye mashua ni mita 10 mpaka 50, kutegemea ufukwe wenyewe. Mchanga mkavu unameza nyayo. Mchanga uliolowa ni mgumu na unakusukuma vizuri. Maji yakifika magotini, kukimbia kwa kawaida kumekwisha. Hapo unainua magoti juu juu kama jogoo anayevuka tope, la sivyo utaanguka kifudifudi mbele ya wageni wote.

Unachupa. Hapa ndipo wenye papara wanapoumbuka. Ukitua ukingoni, mashua inalala upande. Kiti chake kina magurudumu madogo na kinateleza mbele na nyuma juu ya reli mbili. Ukikaa haraka bila kukiangalia, unakaa juu ya reli, na reli ile utaikumbuka wiki nzima. Miguu unaipachika kwenye mikanda. Makasia mawili, moja kwa kila mkono, tayari yamo kwenye vishikio vyake. Unavuta.

Jambo moja huwashangaza sana waliozoea kafi. Mvuvi wa Nyumba ya Mungu hutazama kule anakokwenda. Mpiga makasia huketi kinyume: mgongo ndio unaotangulia. Kwa hiyo wakati wa kwenda baharini unauona ufukwe ukirudi nyuma, unamwona hata bibi yako aliyekuja kukushangilia, ila wimbi linalokuja kukupiga hulioni. Unalisikia mashua inapoinuka. Kila mivuto michache unageuza shingo upesi kutafuta boya, maana maboya yamepangwa mstari mmoja, la kwanza kama mita 85 kutoka pwani, la pili mita 170, la mwisho mita 250. Unapita upande mmoja wa la kwanza, upande wa pili wa linalofuata, na la tatu unalizunguka kabisa. Ukiruka boya unaadhibiwa, hata ukiwa umemwacha mwenzako mbali.

Kule kwenye boya la mwisho ndiko mbio huamuliwa, nionavyo mimi. Kasia moja unalivuta, la pili unalisukuma kinyume, na mashua inazunguka papo hapo. Anayejua hugeuka kwa mivuto michache. Asiyejua huchora duara kubwa, na mwenzake anakuwa ameshashika njia ya nyumbani.

Kurudi hakuna kona. Ni mita 250 zilizonyooka, na sasa mambo yamegeuka: uso wako unatazama bahari. Yale mawimbi uliyokuwa huyaoni wakati wa kwenda, sasa unayaona yakija moja moja nyuma ya mashua. Anayejua anasubiri. Wimbi likianza kuinua tezi, yaani ile ncha ya nyuma, anaongeza mivuto miwili mitatu ya haraka, na wimbi linambeba bure kuelekea pwani. Anayevuta tu bila kutazama anashindana na bahari, na bahari haichoki. Nimewaona watu wenye vifua vipana wakipitwa na msichana mwembamba kwa sababu hiyo tu.

Halafu unaruka, washika mashua wanaidaka, na unakimbia. Mstari wa mwisho uko juu ya mchanga, wala hauko majini. Miguu iliyokuwa imekunjwa kwenye mashua inakataa kunyooka. Ndiyo maana wengi hufika pale wakiyumba na kujitupa chini.

Mkishindana wawili wawili kwenye mashua moja, mmoja tu ndiye anayekimbia. Mwenzake anamngoja mashuani akiwa ameshika makasia. Na Los Angeles mashua ya wawili itakuwa ya mwanamke na mwanamume pamoja. Wasichana, mnasikia? Kwenye Olimpiki wanawake waliruhusiwa kushindana kwa makasia kuanzia Montreal mwaka 1976 tu. Sasa kuna mbio ambazo mwanamume hawezi hata kuondoka pwani bila mwenzake wa kike.

Mtaniuliza mashua hizi zikoje. Wale mnaowaona kwenye televisheni, wanaoshindana kwenye maji yaliyotulia, hutumia mashua nyembamba sana. Ya mtu mmoja ina urefu wa zaidi ya mita 8 na uzito wa kilo 14 tu. Ni nyepesi kuliko gunia dogo la mahindi, na ukicheka vibaya inapinduka. Ya ufukweni ni fupi, mita 6, ni pana, na uzito wake haupungui kilo 35. Nyuma iko wazi, maji yakiingia yanatoka yenyewe. Ile ya kwanza ukiipeleka Pangani siku ya upepo itarudi vipande.

Na nguvu inatoka wapi? Wengi hudhani mikononi. Kwa sababu kiti kinateleza, kila mvuto huanza kwa kusukuma na miguu. Mgongo unafuata, mikono inamalizia. Hapo ndipo watoto wa huku wanaponivutia. Miguu inayopanda na kushuka mteremko kila siku kwenda shule, miguu ya mji ambao Kilimanjaro Marathon imekuwa ikikimbiwa tangu mwaka 2003, si miguu ya kudharau. Inakosa maji tu.

Lakini msidhani bila miguu hakuna makasia. Mombasa yuko Asiya Mohammed Sururu. Akiwa na umri wa miaka miwili aligongwa na treni na kupoteza miguu yote miwili. Aliiwakilisha Kenya katika makasia kwenye Paralimpiki ya Tokyo. Katika daraja lake kiti hakitelezi. Mtu anavuta kwa mabega na mikono peke yake, umbali ule ule wa mita 2,000 wa mbio za maji yaliyotulia. Jaribuni kukaa chini, miguu mmeinyoosha bila kuitumia, mvute kamba iliyofungwa mtini kwa dakika kumi. Halafu mje mnisimulie.

Na Uganda, nchi isiyo na bahari kabisa, ina Kathleen Noble. Alizaliwa Uganda, akaanza kwa kuogelea na akaiwakilisha nchi hiyo majini bila mashua yoyote. Makasia aliyajua baadaye, alipokwenda kusoma Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, ile iliyofanyika mwaka 2021, akawa mpiga makasia wa kwanza wa Uganda katika historia ya michezo hiyo. Akaenda tena Paris mwaka 2024. Mkumbuke hilo la kuogelea, nitalirudia.

Mnajua kichekesho? Makasia yalikuwa yawepo kwenye Olimpiki ya kwanza kabisa ya zama hizi, Athens, mwaka 1896. Mashua zilikuwa tayari, washindani walikuwepo. Bahari ikachafuka, mbio zikafutwa. Tangu hapo wakubwa wa mchezo wakajifunza kuikimbia bahari: wakatafuta maziwa, wakachimba mabwawa marefu, wakapanga njia zilizonyooka za mita 2,000, na mchezo ukawa wa nchi zenye uwezo wa kujenga vitu hivyo. Ukitaka bwawa la namna hiyo unahitaji fedha za serikali. Ukitaka ufukwe, Mungu ameshaumaliza.

Kurudi baharini kulianza polepole. Fainali za kwanza za dunia za mbio hizi za ufukweni zilifanyika Shenzhen, China, mwaka 2019. Korona ikavuruga mwaka uliofuata. Kisha zikaenda Oeiras, Ureno, mwaka 2021. Saundersfoot, Wales, mwaka 2022. Barletta, Italia, mwaka 2023. Na Genoa, Italia vile vile, mwaka 2024. Kwenye Olimpiki zimechukua nafasi ya mashua za watu wepesi, zile za wachezaji waliokuwa wakipimwa kwenye mizani kabla ya kushindana. Wapo waliolalamika sana kuhusu hilo, na siwalaumu. Mtu aliyejinyima chakula miaka mingi ili atimize kilo zake ana haki ya kukasirika.

Afrika haikukaa pembeni. Michezo ya Ufukweni ya Afrika ilipofanyika mara ya kwanza, kisiwani Sal, Cape Verde, mwaka 2019, makasia ya baharini yalikuwemo. Yakawemo tena Hammamet, Tunisia, mwaka 2023. Na Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, iliyopangwa kufanyika kuanzia 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026, imeyaweka makasia ya ufukweni kwenye orodha yake, katika pwani ya Saly. Hiyo ndiyo michezo ya kwanza ya Olimpiki ya aina yoyote kupewa nchi ya Afrika, na ni ya vijana wasiozidi miaka 17. Mmoja wenu ameanza kuhesabu vidole. Hesabu vizuri.

Sasa nataka kuwaambia kwa nini nadhani mchezo huu unatufaa, na sababu yangu ni ya hesabu.

Kwenye mbio za makasia za kawaida, mashua sita huondoka kwa pamoja, na kila timu huja na mashua yake juu ya gari refu. Kwenye mbio za ufukweni wenyeji ndio wanaoleta mashua. Wewe unakuja na miguu yako. Mashua ni za aina moja, na washindani wanapokezana. Chukueni watoto 16. Kila mbio inamtoa mmoja. Je, zinahitajika mbio ngapi hadi abaki bingwa peke yake? Usinitajie robo fainali na nusu fainali, utachanganyikiwa. Wanaotakiwa kutoka ni 15, na kila mbio inatoa mmoja, basi ni mbio 15. Kila mbio dakika tatu, na dakika chache za kurudisha mashua mahali pake. Asubuhi moja inatosha, na mashua mbili zinatosha. Kabla ya hapo kila mmoja hukimbizana na saa peke yake, ili mwenye muda mzuri kuliko wote asikutane na wa pili wake mapema. Ni utaratibu wa haki, na watu wanaelewa wanachokitazama. Hakuna anayehitaji darubini.

Na mashindano ya majini sisi hatujaanza jana. Ziwa Victoria kulikuwa na mashindano ya mitumbwi ya Balimi, yaliyodhaminiwa kwa miaka mingi na Kampuni ya Bia Tanzania. (Kwa nini mbio zetu nyingi, hata za hapa Moshi, zimelipiwa na bia, muwaulize baba zenu.) Yale yalikuwa na utaratibu ninaoupenda: wanaanza mikoani na visiwani, Kagera kivyao, Mara kivyao, Ukerewe kivyao, halafu washindi wanakutana kwenye fainali Mwanza, pale Mwaloni. Timu za wanaume zilikuwepo na za wanawake zilikuwepo, mtumbwi mmoja umejaa watu, kila mmoja na kafi lake, makafi yanaingia majini kwa pamoja. Mtu anayekosea mpigo anawaharibia wote, na anaambiwa hapo hapo, tena kwa lugha ambayo siwezi kuirudia mbele yenu. Zanzibar kuna resi za ngalawa, ile mitumbwi ya tanga yenye mbao za pembeni za kuizuia isipinduke. Lamu hushindanisha mashua za tanga kwenye sherehe zao, na Walamu hubishana juu ya matokeo hadi mwaka unaofuata.

Tatizo la mengi ya mashindano haya ni kwamba huja na sherehe na kuondoka na sherehe. Mtu anashinda, anapewa zawadi, anapigwa picha, basi. Mwaka mzima hana wa kushindana naye. Mwanariadha hukuzwa na kalenda. Akishindwa leo ajue kwamba baada ya wiki tatu atakutana na yule yule mahali pengine, kwenye maji mengine, na amefikiria kosa lake. Huo ndio unaoitwa mfululizo wa mashindano: vituo kadhaa, pointi zinajumlishwa, bingwa anapatikana mwisho.

Tucheze kidogo. Ningekuwa mimi ndiye mpangaji, ningeweka vituo vinne: Nyali kule Mombasa, Pangani, Bagamoyo, na Nungwi kaskazini ya Unguja. Wa kwanza pointi 10, wa pili 7, wa tatu 5, wa nne 3. Sasa kuna kijana machachari. Nyali anashinda, Pangani anashinda, tayari ana 20 na ameanza kutembea kwa maringo. Bagamoyo anapinduka, hapati kitu. Nungwi ana hasira, anakuwa wa nne. Jumla 23. Na kuna msichana mtulivu ambaye hajashinda hata kituo kimoja. Kila mahali ni wa pili. Saba mara nne ni 28. Bingwa ni yeye. Mtasema si haki? Bishaneni baadaye, nje, na msipigane.

Vituo hivyo sikuvichagua kwa uzuri wa picha. Kila kimoja kina tabia yake. Nyali ina miamba inayovunja mawimbi kabla hayajafika pwani. Pangani ina mto: maji ya Kilimanjaro yanatoka kwa kasi na kukusukuma pembeni ukiwa hujajiandaa, na ni ya matope, boya likizama kidogo hulioni. Bagamoyo ni tambarare; maji yakitoka yanatoka kweli kweli. Nungwi maji hayakimbii mbali, tofauti na kule Paje na Jambiani ambako unaweza kuifuata bahari kwa miguu hadi ukachoka.

Hapo ndipo ningewaita wazee wa pwani kabla ya kumwita mtu yeyote mwenye filimbi. Maana katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa inakaribia mita 4. Panga mbio Bagamoyo saa nne asubuhi bila kuuliza mwezi, na unaweza kukuta mashua zako zimelala juu ya mchanga, bahari iko kule, na mgeni rasmi ameshakaa kwenye kiti. Kesho yake maji hayo hayo yatachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ratiba ya jana haikufai. Mimi ningechagua siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, wakati ukingo wa maji hausogei sana na mstari wa kuanzia unakaa pale pale asubuhi nzima. Barletta na Genoa hawana shida hii, Bahari ya Mediterania hupanda na kushuka kidogo mno. Saundersfoot wanayo, tena maji yao hupanda na kushuka kuliko yetu, na fainali za dunia zikafanyika vizuri. Kwa hiyo inawezekana. Na ningekwepa Juni na Julai, kusi ikiwa kali. Kusi haina mzaha na mtu aliyejifunzia makasia wiki iliyopita.

Mashua hizo ni ghali, sitawadanganya. Lakini nimewaambia ni mbili, na hao wawili wa kushika kila mashua ni rafiki zako, hawalipwi. Shule nne zikiungana zingeweza kufanya hesabu zao.

Haya, yule aliyekuwa akihesabu vidole ananiuliza aanzie wapi akiwa hapa Shirimatunda. Kukimbia unajua. Kuruka ndani ya kitu chembamba bila kukanyaga ukingo unaweza kujifunza hapo uwanjani: chora mstatili chini, urefu mita 6, upana hatua moja, ukimbie mita 30, uruke ndani na kuketi kinyumenyume bila kugusa mstari. Utaona si rahisi. Ndugu zako wawili wasimame pembeni wawe washika mashua, na mkibishana nani amegusa mstari, mdogo ndiye mwamuzi.

Lakini Mto Karanga usiuguse kwa jambo hili, wala usiende Kikuletwa ukajaribu. Katika maji ya Mto Pangani mamba wapo, na mamba hajui ratiba ya Olimpiki. Unakumbuka Kathleen Noble alianza na nini? Hata kwenye fainali za dunia mashua hupinduka, na boti ya uokoaji huwa karibu, lakini aliyepinduka ndiye anayepaswa kuirudisha mashua yake sawa na kupanda tena huku amemeza chumvi. Tafuta bwawa la kuogelea, na mtu mzima anayejua kufundisha. Ukishaweza kuogelea mita 50 bila kushika kitu na bila kuita mama, njoo tuzungumze habari za makasia. Na hiyo ndizi naona imebaki maganda tu. Nani amekula nusu ya pili?